Pumzi za Sauti ya Pili

Mariamu ndiye aliyempeleka Sabra kwenye kwaya. Hili alilirudia mwenyewe baadaye, mara nyingi, kwa watu waliokuja kumpa pole na hata kwa wasiomuuliza.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka jana. Alipanda kutoka shambani na udongo miguuni, akamkuta Mwalimu Sefania kwenye ngazi za darasa la sita akisahihisha madaftari ya hesabu. Sabra alisimama nyuma ya mama yake anahema, ingawa walikuwa wamepumzika mara tatu njiani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Sabra. Habari za bondeni?"

"Njema. Mwalimu, nimekuja na ombi. Huyu mtoto hawezi kukimbia, hawezi kuruka kamba, na jembe daktari amelikataza. Wenzake wakicheza, yeye anakaa ukutani anawaangalia. Naomba umpe kitu cha kufanya na wenzake."

Sefania akamtazama mtoto. Alikuwa na miaka kumi wakati huo, lakini ungemkadiria saba.

"Wewe Sabra, unaweza kuimba?"

"Sijui, mwalimu. Sijawahi kuimba na watu."

Wakati huo Mariamu alikuwa akimlea peke yake. Mumewe, Omari, alishuka Handeni kutafuta kazi miaka sita iliyopita, akapata kazi na mke mwingine. Mama na binti waliishi kwa karoti na kabichi za kijishamba kando ya kijito, chini kidogo ya shule ya msingi ya Kwemlindi, kwenye mgongo wa mlima ukielekea Bumbuli. Moyo wa Sabra ulikuwa umeharibika tangu akiwa mdogo. Homa za koo, ambazo mama yake alizitibu kwa tangawizi na chumvi kama mama yeyote wa huku angefanya, ziliacha alama kwenye vali ya moyo bila mtu kujua. Ilipojulikana, ilikuwa imechelewa kwa dawa peke yake. Kila mwezi walikwenda hospitali kuchomwa sindano, na jina la Sabra lilikuwa kwenye orodha ya watoto wanaosubiri kuitwa Dar es Salaam kwa upasuaji.

Mwalimu Sefania alimweka sauti ya pili, mstari wa mbele, kwenye kiti. Wengine wote walisimama.

Kwaya hiyo ilikuwa na watoto arobaini na wawili, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu pamoja, na nyimbo zake alizitunga Sefania mwenyewe ili mtoto wa nyumba yoyote aweze kuziimba: za mvua, za mbegu, za mtu aliyepotea ukunguni akaitwa na ndugu zake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kati ya hiyo, ishirini na nane aliitumia katika shule hiyohiyo. Hakuwa mkali. Alipotaka kunyamazisha darasa alishusha sauti badala ya kuipandisha, na watoto walinyamaza ili wamsikie.

Jambo moja alilifundisha kuliko mengine yote. "Ukijisikia mwenyewe tu, umezidisha," aliwaambia. "Usipojisikia kabisa, umepunguza. Sikio lako liwe kwa jirani."

Lilikuwa jambo gumu kwa baadhi yao, na gumu zaidi kwa Faraji. Huyu aliletwa kwaya na mwalimu mkuu, Mwalimu Secilia, baada ya kumvunja mwenzake jino, kwa sababu hakuna adhabu nyingine iliyokuwa imebaki. Alikuwa na sauti kubwa kama ya fundi anayeita watu kutoka juu ya paa. Miezi ya kwanza aliimba kana kwamba wengine wanamzibia njia. Lakini kufikia mwisho wa mwaka Faraji alikuwa amejifunza kuimba chini, kwa sauti laini inayokaa pembeni ya za wenzake. Ngumi nazo zilipungua. Walimu walilizungumzia hilo ofisini. Sefania alifurahi sana, akaamini kwamba ni kazi yake.

Na Sabra alibadilika. Aliacha kukaa ukutani. Wasichana wa sauti ya pili walimfuata nyumbani asubuhi, wakapanda naye kilima polepole, wakisimama aliposimama. Scholastica, binti wa darasa la sita aliyesimama kulia kwake, alimbebea mkoba. Mariamu aliwaona kutoka shambani, watoto watano wanatembea kwa mwendo wa mmoja, na alimshukuru Mungu.

Mwezi wa nne mwaka huu shule ilipokea wageni. Ilikuwa Alhamisi. Wazazi waliketi kwenye mabenchi uwanjani, na Mariamu alikuwepo, amejifunga kanga mpya. Kwaya iliimba wimbo wa mtu aliyepotea ukunguni. Neno la mwisho la wimbo huo ni "nyumbani", na silabi ya katikati hushikwa mapigo kumi na mawili, sauti ya pili peke yake, wengine wakiwa wamenyamaza. Watoto waliishika mpaka mwisho bila kukatika hata mara moja. Wageni walisimama kupiga makofi. Sabra alikuwa kwenye kiti chake, midomo imekuwa ya bluu kidogo, anatabasamu.

Jumamosi asubuhi alimwambia mama yake kwamba amechoka, akalala tena. Mariamu alipokwenda kumwamsha anywe chai, hakuamka.

Alizikwa siku hiyohiyo alasiri. Watoto wa kwaya walikuja wote na sare za shule. Wale wa makanisani walizoea kwamba mtu akifa kwaya huimba. Hapa, kwenye msiba wa Kiislamu, hapakuwa na cha kuimba, na hakuna aliyewaambia wafanye nini. Wakajipanga uani, pembeni ya mgomba, bila mtu kuwapanga: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Walisimama hivyo kimya mpaka jeneza lilipotolewa. Mwalimu Sefania aliwaona kutoka upande wa wanaume, akashindwa kuwatazama.

Wiki ya pili, Jumatatu, Mariamu alipanda shuleni. Aliingia ofisini bila kubisha hodi na bila shikamoo, jambo ambalo mtu wa huku halifanyi kwa mtu mzima hata akiwa na hasira. Akaweka mezani kwa Mwalimu Sefania kitambaa cha manjano ambacho wanakwaya hujifunga shingoni. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Kitambaa chenu hicho."

"Mama Sabra, kaa kwanza."

"Sikai. Nataka uniambie kitu kimoja. Mtoto ambaye hana pumzi, unamwimbishaje mapigo kumi na mawili? Nilihesabu, mwalimu. Nilikuwa pale kwenye benchi nikajivuna, nikahesabu. Kumi na mawili. Siku mbili baadaye amekufa."

Sefania alisimama.

"Mlimtoa pumzi yake yote," Mariamu alisema. "Na mimi ndiye niliyemleta."

Alitoka. Walimu wengine walibaki wanatazama kalamu zao.

Siku hiyo saa nane, watoto walipokusanyika darasa la sita kwa mazoezi, Sefania aliwaambia kwamba kwaya imesimama. Hakuwaambia kwa muda gani. Walichukua mikoba yao wakatoka mmoja mmoja, na yeye akarudisha kile kiti cha Sabra mahali pake nyuma ya dawati la mwalimu.

Juma lile alikwenda hospitalini kumwona daktari wa Sabra, mwanamke mwenye umri wa binti yake. Alimsubiri kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Alipoingia hakuzunguka.

"Daktari, ni kuimba kulikomuua?"

"Hapana," daktari alisema. "Mimi ndiye niliyemruhusu aimbe, nilimwambia mama yake aimbe akiwa amekaa. Ule moyo ulikuwa umefika mwisho, mwalimu. Tulikuwa tunakimbizana na tarehe ya Dar es Salaam na tarehe ikatushinda."

"Na kama asingeimba siku ile?"

"Labda angeishi wiki zaidi. Labda Jumamosi ileile. Sitakudanganya, hakuna anayejua."

Sefania alishukuru akaondoka. Jibu la kwanza lilikuwa la kweli na lilipaswa kumtosha. Lakini alirudi nyumbani na lile la pili tu.

Wiki sita zikapita. Mwalimu Secilia alimwita mara mbili kumkumbusha kwamba mashindano ya shule yatakuwa Lushoto mwezi wa saba.

"Mghosi, mzee wangu, sikulazimishi," alimwambia mara ya pili. "Lakini angalia hawa watoto. Faraji amepigana juzi, amepigana na jana. Darasa la tano, ukiuliza swali, hakuna anayeinua mkono. Zamani walikuwa wanajibu mpaka nawaomba wapunguze. Umewafungia wewe na huzuni yako."

"Siwezi kusimama mbele yao, mwalimu mkuu. Nikiinua mkono waimbe, nitawaona wote wanahema."

Siku tatu baadaye, Sefania alipokuwa akifunga darasa, Scholastica alikuja. Alikuwa na Alen, mvulana mpole wa darasa la sita aliyekuwa akisimama kushoto kwa Sabra. Nyuma yao alikuwa Faraji, jicho moja limevimba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

Scholastica alimtazama Alen, Alen akatazama chini. Ikabidi aseme yeye.

"Mwalimu, watu wanasema Sabra alikufa kwa sababu ya ile 'nyumbani'. Mama yake anasema hivyo. Lakini Sabra hakuwa anaimba yote."

"Hakuwa anaimba nini?"

"Mapigo kumi na mawili. Alikuwa anaimba matatu. Siku nyingine mawili." Alianza kulia lakini akaendelea. "Alikuwa ananishika mkono. Pumzi ikimwishia ananibonyeza kidole, mimi napokea. Mimi nikikaribia kuishiwa nambonyeza Alen, anapokea Alen. Sabra akishapumua anarudi polepole, hata husikii ameingia wapi. Tulikuwa tunafanya hivyo kwenye nyimbo zote."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa sita. Alituambia tusimwambie mtu, kwa sababu mngemtoa."

Sefania alikaa kwenye dawati la karibu. Miaka ishirini na nane alikuwa amewafundisha watoto kusikilizana. Katikati ya wimbo wake mwenyewe, hatua tatu kutoka mkono wake, watoto wawili walikuwa wakimbeba wa tatu, na yeye hakusikia.

"Na wewe, Faraji?"

"Mimi nilikuwa naimba chini," Faraji alisema. "Aliniambia nikipiga kelele na yeye analazimika kupiga kelele. Basi nikawa naimba chini."

Ndipo Sefania alipofunika uso kwa mikono. Watoto walisimama wakamngoja. Alipoinua kichwa, aliwauliza kama wamemwambia mama yake. Walisema wanaogopa.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Twendeni."

Walimkuta Mariamu kijitoni, amekunja sketi, anaosha karoti za sokoni na kuzipanga kwenye gunia. Alipowaona hakuacha kazi. Watoto walimwamkia, akaitikia. Sefania alimwachia Scholastica, kwa sababu habari ilikuwa yao, haikuwa yake.

Scholastica alieleza kama alivyoeleza darasani. Mariamu aliendelea kuosha, kisha mikono ikasimama ndani ya maji.

"Sielewi," alisema. "Nilimwona. Mdomo ulikuwa wazi mpaka mwisho."

"Alikuwa anaacha mdomo wazi, mama. Sauti ilikuwa yetu."

Mariamu alisimama, maji yanamtiririka kwenye viwiko. "Nionyesheni."

Watoto walitazamana. Scholastica akaja upande wake wa kulia, Alen kushoto, Faraji nyuma. Scholastica aliuchukua mkono wa Mariamu, uliokuwa wa baridi kutokana na maji, akausogeza karibu na paja lake mahali ambapo mkono wa Sabra ulikuwa ukikaa.

"Sisi tutaanza, mama. Wewe ukitaka, bonyeza."

Wakaanza pale kwenye silabi ya katikati ya "nyumbani", chini kwa chini, na Faraji chini kuliko wote. Mariamu hakuimba. Alisimama anatazama ng'ambo ya kijito, kwenye matuta ya kabichi. Pigo la pili, la tatu, akabonyeza. Sauti ya Scholastica iliongezeka kidogo sana, kama mtu anayechukua mtungi kutoka kichwani kwa mwenzake bila kumwaga. Kisha Alen akapokea. Kisha Scholastica akarudi. Sauti haikukatika. Mapigo kumi na mawili yalipita na hawakuacha, kwa sababu Mariamu alikuwa akibonyeza tena na tena, na kila alipobonyeza kulikuwa na mtu wa kupokea.

Alipouachia mkono, wakanyamaza.

Sefania alifikiri sasa mama huyu atapata nafuu. Alikuwa ameitumainia njia nzima. Lakini Mariamu alikaa chini kwenye majani mabichi, akaanza kulia kilio tofauti na kile cha msibani.

"Kwa hiyo mlijua," alisema. "Nyinyi mlijua kwamba hapiti pigo la tatu. Mimi nalala naye kitanda kimoja, sikujua. Nyumbani alikuwa ananiambia, mama, nimepona, kwaya imenipa pumzi. Nikaamini. Nikaacha kupiga simu hospitali kuulizia tarehe, nikasema anaendelea vizuri, wapewe kwanza wenye shida zaidi."

Kijito kilikuwa kikipiga kelele zake.

"Hata mimi sikujua, Mama Sabra," Sefania alisema mwishowe. "Nilikuwa mbele yake kila wiki."

"Wewe ni mwalimu," alijibu, bila hasira. "Mimi ni mama yake."

Faraji ndiye aliyeinama kwanza. Alichukua karoti zilizobaki kwenye maji akaanza kuziosha. Alen na Scholastica wakamfuata. Waliosha zote, wakazipanga kwenye gunia, wakalifunga kwa kamba ya mkonge. Mariamu aliwatazama muda wote. Walipomaliza alisimama, akamfuta Scholastica uso kwa upindo wa kanga, akawaambia kwa Kishambaa kwamba wamefanya vizuri kumshikia mwanawe sauti, na kwamba sasa waende nyumbani, ukungu unashuka.

Kwa Sefania alisema: "Msiiache kwaya kwa ajili yangu. Ila ule wimbo, naomba nisiusikie tena."

Mazoezi yalianza tena Jumatano iliyofuata. Sefania hakuuweka wimbo ule, wala hakuufundisha tena. Alitunga mwingine, mfupi, na mara nyingi alisimama katikati kuuliza nani amechoka. Wiki za kwanza hakuna aliyekubali kusema. Baadaye wakaanza kuinua mikono, bila aibu, na jirani akajua kwamba ni zamu yake. Faraji hakupigana tena mpaka shule ilipofungwa, au kama alipigana, walimu hawakusikia.

Lushoto walikuwa wa nne kati ya shule tisa. Mmoja wa waamuzi aliandika kwamba sauti ya pili ilikuwa nyepesi. Watoto walisikitika kidogo, wakanunuliwa maandazi sokoni, wakarudi wakiimba ndani ya gari mpaka walipofika Soni.

Mariamu aliendelea na karoti zake. Mwezi wa tisa simu ilipigwa kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye sauti ya upole akimwambia kwamba nafasi ya binti yake imepatikana, amlete na kadi ya kliniki. Mariamu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia ampe mtoto mwingine.

Sefania alistaafu mwishoni mwa mwaka. Kabla ya kuhamia kwa mwanawe Korogwe, alipita kwenye nyumba za wazazi kuaga, na ile ya Mariamu aliiacha mwisho. Mariamu alimkaribisha kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Walizungumza juu ya bei za kabichi na barabara iliyoharibiwa na mvua. Alipoinuka kuondoka, Mariamu alimsindikiza mpaka kwenye kona ya njia, akasimama.

"Mwalimu, nikuulize. Alikuwa anaimba vizuri? Sema kweli."

Sefania alifikiri. Angeweza kumwambia lolote, na angeamini.

"Sauti yake ilikuwa ndogo sana," alisema. "Lakini ilikuwa mahali pake. Sikuwahi kumrekebisha."

"Ndogo," Mariamu alisema. Akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikutarajiwa na yeyote kati yao. "Alikuwa akiniita kutoka uani, majirani wote wanageuka." Kisha kicheko kikamwishia mdomoni, akajifunika kwa kanga, na Sefania akasimama naye pale njiani mpaka alipokuwa tayari kurudi ndani.